Arusha au Mbeya? Mtu wa Dar aanze na kalenda

Joto la Dar likishamchosha mtu, swali huwa lile lile: likizo hii twende Arusha au Mbeya? Miji yote miwili imekaa milimani, yote ina baridi ya kweli, na yote nimeitembelea kwa misimu tofauti. Anayeniuliza siku hizi namuuliza kwanza anaenda mwezi gani.

Wengi wetu tunapata nafasi Juni na Julai, watoto wakifunga shule, na moja kwa moja tunakata tiketi ya Arusha. Miezi hiyo ndiyo Arusha hufunikwa na mawingu. Unaweza kukaa Njiro siku nne, jaketi halitoki mwilini, na Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500 na uliosimama pale pale juu ya mji, usiuone hata mara moja. Mwenyeji anakuonyesha kwa kidole ulipo, wewe unaona weupe mtupu. Mbeya ina msimu mmoja tu wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Julai anga liko wazi, na mlima Loleza unauona tangu asubuhi mpaka jua linazama. Baridi yake lakini ni ya kuheshimu. Mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za wageni zitakupa blanketi, basi. Beba sweta nzito na soksi. Vumbi nalo lipo.

Januari na Februari mambo yanageuka. Arusha inakuwa kati ya vuli na masika, asubuhi Meru unaonekana wote, na ukibahatika hata Kilimanjaro inajitokeza upande wa mashariki. Mbeya wakati huo inanyesha hasa. Ningekwenda tu kama nafuata maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Okidi za Kitulo huchanua na mvua, kwa hiyo maua na matope vinakuja pamoja. Hapo ni mabuti na gari la juu.

Mwisho wa Desemba, Arusha iache kama hukukata tiketi mapema. Wachaga wanapanda kwao kula Krismasi, na mabasi ya njia hiyo yanajaa.

Halafu hesabu siku. Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Arusha ni kilomita kama 640. Mbeya ni zaidi ya 800, maana yake kwenda kunakula siku nzima na kurudi kunakula nyingine. Kama una siku nne, Arusha inatosha. Ila njia ya Mbeya yenyewe ni matembezi: unakatiza Hifadhi ya Mikumi na swala unawaona dirishani, unapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha basi linaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori yanayojivuta, kona baada ya kona, korongo likiwa chini yako. Ukifika juu, hewa ni nyingine kabisa. Treni ya TAZARA ni ya asiye na haraka. Anayetaka ndege, uwanja wa Songwe upo.

Jambo la tatu ndilo linaloniegemeza mimi Mbeya: kupanda mlima kwa mfuko wa kawaida. Meru uko ndani ya hifadhi ya taifa. Kuupanda kunataka kiongozi, askari mwenye bunduki, kulala vibandani njiani, siku tatu au nne kwa jumla. Ni safari nzuri, lakini ni ya kujipanga. Familia yenye watoto wadogo itafurahia zaidi kuzunguka Ziwa Duluti, au kuingia hifadhini kwa gari kutazama twiga na maziwa ya Momella. Raia analipa kwa shilingi, tena nafuu, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisibaki Dar.

Mbeya unapanda na kurudi siku hiyo hiyo. Chukua mfano wa Ziwa Ngozi. Unapanda gari la Tukuyu, unashuka Isongole, unatafuta kijana wa pale akuongoze. Mwanzo ni mwendo wa kawaida, kisha msitu unafunga, migomba pori na mianzi pande zote, na kipande cha mwisho ni mwinuko wa kushika mizizi kwa mikono. Udongo unateleza hata kiangazi. Huoni ziwa lolote mpaka unatoka kwenye miti na kukuta ardhi imeisha mbele ya miguu yako: maji ya kijani yako chini kabisa, yamezungukwa na kuta za msitu. Mwenye magoti mabovu asiende. Aliye mzima asikose.

Kwa hiyo, mwenye wiki nzima mwezi wa saba na miguu inayotaka kutembea, namwambia Mbeya bila kusita. Na atenge siku ya Tukuyu aone Daraja la Mungu na Kijungu kwenye mto Kiwira. Pale Kijungu washikeni watoto mkono muda wote. Miamba imelowa na maji yanazama kwenye shimo kwa nguvu.