Usiombe kamera kwanza, omba kuhariri

Mdogo wangu unayeanza kusoma filamu na video sekondari, najua unachosubiri: siku ya kukabidhiwa kamera. Na mimi nilisubiri hivyo hivyo. Ilipofika nikawa mtu wa kuigombania kila kipindi, na kazi ya kuhariri tukamtupia mwenzetu mmoja mpole asiyejua kukataa. Mwaka ulipoisha, yeye ndiye aliyepiga picha safi kuliko sisi sote, na alikuwa ameishika kamera mara chache tu.

Sababu niliijua siku alipougua nikalazimika kuhariri mwenyewe. Tulikuwa tumemhoji mwalimu wetu mmoja darasani, na kwenye kioo cha kamera kila kitu kilipendeza. Nilipofungua kompyuta nikasikia feni. Haikuwa na kelele nyingi. Tatizo ni kwamba kila nilipokata sentensi, mvumo wake ulikatika na kuruka, hata aliyesinzia angejua hapa pamekatwa. Nikasema basi nifunike ile mikato kwa picha nyingine: mikono yake, daftari mezani, wanafunzi wakisikiliza. Hakuna hata moja tuliyopiga. Tulikuwa na uso wa mwalimu kwa dakika ishirini, na kila nilipokata, kichwa chake kiliruka kama kuku anayedonoa. Nilikaa saa nne kutoa dakika mbili, na hizo mbili zenyewe zilikuwa za aibu.

Kwa hiyo wiki za mwanzo omba uhariri, hata picha za wenzako. Mtu aliyekwama mezani kwa kukosa picha moja hasahau kuipiga siku nyingine.

Nianze na sauti, maana ndiyo inayodharauliwa. Ukiwa chumbani, masikio yanazoea mvumo wa feni au friji mpaka huusikii tena. Maikrofoni haizoei kitu. Vaa hedifoni kabla ya kurekodi, nyamaza, usikilize chumba. Kinachozimika, kizime. (Ukizima friji ya watu, weka begi lako ndani yake, hutaondoka bila kuiwasha.) Kisha sogeza maikrofoni karibu na mdomo wa msemaji. Simu ya kawaida inayorekodi ikiwa kwenye mfuko wa shati lake mara nyingi itakupa sauti nzuri kuliko maikrofoni ya kamera iliyo mita tatu mbali. Mwambie tu asiiguse. Mwanzoni mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Ule mlio ndio utakaokusaidia kulinganisha sauti ya simu na picha. Angalia pia kipimo cha sauti: anapoongea kwa nguvu kifike karibu na desibeli -12, kisiguse 0, kwa sababu sauti ya kidijitali ikigonga 0 inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha kama ilivyokuwa. Mkimaliza, msiondoke. Kila mtu atulie, rekodini ukimya wa chumba kwa sekunde 30. Ukimya huo ndio utakaoziba mikato yako. Wenzako watacheka, waache wacheke.

Kwenye picha, kosa la wageni wote ni kubonyeza mapema. Bonyeza kurekodi, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo, ndipo mwigizaji aanze. Akimaliza, hesabu tano tena. Hizo sekunde za pembeni ndizo nafasi utakayohitaji kukatia unapounganisha picha. Halafu piga vitu vidogo: mikono, viatu, saa ukutani, mlango.

Watu wawili wakizungumza, chora kichwani mstari unaowaunganisha na ubaki upande mmoja wa huo mstari. Sisi tuliuvuka bila kujua kwa sababu upande wa pili ulikuwa na dirisha zuri. Tulipounganisha picha, wapenzi wawili waliokuwa wakigombana walionekana wote wakitazama kushoto, kana kwamba wanamsubiri mtu wa tatu aje awaamue.

Mipangilio ya kamera isikutishe. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, yaani picha moja moja 25 zinazounda video, weka shata 1/50. Shata ni muda ambao kila fremu inapokea mwanga, hapa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Taa zikianza kumetameta kwenye kioo, jua shata haijaendana na umeme: palipo na umeme wa hezi 50 tumia 1/50 au 1/100, wa hezi 60 tumia 1/60. Rangi ya mwanga usiiachie kamera iamue yenyewe, itabadilika katikati ya sentensi.

Zoezi ninalolipenda ni la kale. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio mjini Paris filamu kumi. Kila moja haikufika dakika, na kamera ilisimama pale pale bila mkato. Fanya hivyo: dakika moja, kamera kwenye stendi, hugusi kitu. Utajikuta umezunguka nusu saa ukitafuta pa kuisimamisha, na huko kuzunguka ndiko kusoma kwenyewe.

Mtakapogawana kazi, kila mtu atataka kuwa mwongozaji. Wape. Wewe chukua sauti, utakaa karibu na kila tukio na hakuna atakayekunyang'anya. Hadithi ya kwanza iwe kurasa tatu. Ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja ya filamu, na dakika tatu zitawamaliza nguvu vya kutosha. Waombeni ruhusa mnaowapiga picha, na wakiwa watoto, waombeni wazazi wao pia.

Na kadi ya kamera inayohifadhi picha usiifute mpaka picha ziwe sehemu mbili tofauti, na umezifungua zote mbili ukaona zinacheza. Kuna mahafali ya watu yaliyofutika mikononi mwangu kwa sababu nakala niliiona jina lake tu, sikuifungua.