Kabla ya kuacha kazi na kwenda ughaibuni

Ndugu, umeuliza kama uache kazi uende ughaibuni kwa kuwa mshahara ulioahidiwa ni mara tatu ya unaopata sasa. Mimi ningeanza na mkataba, hasa kifungu kinachoeleza iwapo kibali chako cha kazi kinamtegemea mwajiri mmoja, kwa sababu hapo ndipo wengi hujikuta hawawezi kuacha kazi mbaya bila kupoteza haki ya kuishi nchini humo. Hakikisha pia kwamba cheti chako kitatambuliwa. Wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi, shtuka: Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kimsingi unakataza mfanyakazi kutozwa. Kuhusu mshahara wenyewe, toa kwanza kodi ya nyumba, bima na makato mengine, kisha ndipo ulinganishe.