Kabla hujafungua chumba cha pili cha gemu, jiulize nani anashika bisibisi

Juma lililopita kijana mmoja wa Kasulu aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimeuza maharage nimepata milioni mbili. Nataka nifungue vyumba viwili vya gemu kwa mpigo, kimoja hapa Kasulu na kingine Kigoma mjini, ili nisimwachie mtu nafasi. Unanishauri nini?" Nilidhani ningemjibu kwa mistari miwili. Badala yake nilikaa na swali lake hadi adhana ya alfajiri, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa na vyumba viwili, na leo ninacho kimoja.

Mdogo wangu, nianze mbali kidogo, katika mji wa Osaka nchini Japani mwaka 1969. Kagemasa Kozuki alianzisha biashara ya kukodisha mashine za muziki na kuzitengeneza zinapoharibika, zile ambazo mteja hutumbukiza sarafu na wimbo ukapigwa. Mwaka 1973 biashara hiyo ikawa kampuni iliyoitwa Konami, jina ambalo kwa maelezo yaliyozoeleka limetokana na silabi za majina ya Kozuki na wenzake wawili, Nakama na Miyasako. Walipoingia katika mashine za gemu za kutumbukiza sarafu mwishoni mwa miaka ya 1970, hawakuwa wageni wa nyaya na skrubu, na mwaka 1981 tayari walikuwa wametoa Scramble na Frogger, yule chura wa kuvuka barabara. Neno ninalotaka ulikazie macho hapo ni kutengeneza. Anayekodisha chombo asichoweza kukifungua hufanya kazi kwa ajili ya fundi, hata kama funguo za mlango ziko mfukoni mwake.

Mimi sikulijua hilo mwaka 2012, tulipofungua chumba chetu cha kwanza Ujiji, hapa Kigoma. Nasema tulipofungua kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi nilitoa fedha, ambazo nilizipata kwa kusafirisha dagaa, na mwenzangu, ambaye nitamwita Fundi kwa kuwa kila mtu mtaani alimwita hivyo, alitoa mikono. Tulikuwa na mashine mbili za gemu za PS2 zilizotumika, TV mbili za chogo, mabenchi ya kuazima na diski ya PES 2013, gemu ya mpira wa miguu ya Konami. Mechi moja ilikuwa shilingi 200, na aliyefungwa alimpisha anayesubiri. Miezi michache tu baadaye watoto walikuwa wakipanga foleni hadi kwenye mwembe wa jirani, na mimi nilitembea mtaani kwa mwendo wa mtu aliyegundua jambo.

Nilichokuwa sikioni ni kwamba foleni ile ilikuwa kazi ya Fundi. Mashine ikikataa kusoma diski, aliifungua, akaisafisha lenzi kwa pamba na spiriti, na ikiendelea kugoma alikizungusha kidogo sana kile kigurudumu cheupe cha plastiki kilicho pembeni ya lenzi, akajaribu, akazungusha tena. Padi ambayo vitufe vyake vilikufa aliifufua kwa karatasi ya fedha. Zaidi ya hayo alizijua timu. Konami haikuwa na haki ya kutumia majina ya klabu nyingi za Uingereza, kwa hiyo ndani ya PES Manchester City iliitwa Man Blue na Everton ikaitwa Merseyside Blue, lakini gemu ilikuwa na sehemu ya kuhariri ambamo mchezaji angeweza kubadilisha majina na jezi mwenyewe. Fundi hakuishia kuwarudishia City jina lao. Alikaa siku tatu akazigeuza timu mbili kuwa Simba na Yanga, kisha akatengeneza timu ya Ujiji na timu ya Mwanga, mtaa mwingine wa hapahapa Kigoma, akawapa wachezaji majina ya vijana tuliowafahamu, pamoja na kasi na mashuti yao halisi, jambo lililozua ugomvi usiokwisha kuhusu nani alistahili kuwa na kasi ya 90. Kulikuwa na watu waliotoka Kibirizi kuja kucheza kwetu kwa sababu tu majina yao yalikuwa ndani ya mashine.

Mwaka 2014 nilifungua chumba cha pili, Mwanga, na hapo ndipo swali lako linaponigusa. Konami nayo iliwahi kujigawa. Katikati ya miaka ya 1990 iliunda studio zilizosimama kama kampuni ndogo, ikiwamo ya Osaka na ya Tokyo, na kwa miaka kadhaa studio hizo mbili zilitengeneza gemu za mpira wa miguu sambamba chini ya jina moja la kampuni. Osaka ndiyo iliyotengeneza International Superstar Soccer. Tokyo ilitengeneza Winning Eleven, kikosi kilichokuja kuhusishwa zaidi na Shingo Takatsuka, ambaye mashabiki humwita Seabass, na gemu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Pro Evolution Soccer, yaani PES, mwaka 2001. Ndugu wawili walipika chungu kimoja hadi mmoja alipoondolewa jikoni, kwani toleo la mwisho la Osaka lilitoka mwaka 2003. Unaweza kusema ushindani ule ulikuwa na faida, na pengine ni kweli, lakini kila studio ilikuwa na mafundi wake. Mimi nilikuwa na vyumba viwili na Fundi mmoja, ambaye alipanda daladala kati ya Ujiji na Mwanga akiwa na bisibisi kwenye mfuko wa rambo, na nauli mara nyingi alijilipia.

Halafu kulikuwa na suala la bango. Bango la kwanza, la Ujiji, tuliliandika kwa rangi iliyobaki kwenye mtumbwi wa mjomba wake, na lilikuwa na majina yetu yote mawili. La Mwanga nilimlipa mchoraji, nikaandikisha jina langu peke yake. Fundi alilitazama siku ya kwanza, akasema limependeza, akaingia ndani kufunga nyaya. Leo ninakiri kwamba nilimwona akilitazama, na nilielewa.

Mwaka uliofuata nilisoma habari za Hideo Kojima kwenye simu nikiwa nimeketi chini ya bango hilohilo. Kojima aliitengeneza gemu ya kwanza ya Metal Gear mwaka 1987, na kuanzia mwaka 2005 aliongoza ndani ya Konami studio yenye jina lake. Kabla ya Metal Gear Solid V kutoka mwaka 2015, jina lake liliondolewa kwenye jalada. Desemba ya mwaka huo gemu ikapata tuzo kwenye hafla ya Los Angeles, na mwongozaji wa hafla akauambia umma kwamba mwanasheria wa Konami alimzuia Kojima kuhudhuria. Siku chache baadaye Kojima alikuwa ameondoka na kuanzisha studio yake huru. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri kampuni ilikuwa na haki, kwa kuwa aliyetoa fedha ndiye mwenye jina. Nilimsomea Fundi habari hiyo kwa sauti, nikicheka.

Mwaka 2016 nilipata kijana wa kumlipa nusu ya alichokuwa akipata Fundi. Sitasimulia maneno tuliyoambiana. Aliondoka na bisibisi yake na kifaa cha kumbukumbu cha PS2 ambamo alikuwa amehifadhi timu zote, Simba, Yanga, Ujiji na Mwanga, nami nilimwita mwizi mbele za watu, ingawa kifaa kile alikinunua kwa fedha yake. Baada ya miezi miwili alifungua chumba hatua chache kutoka kwangu. Mashine zangu zilianza kugoma moja baada ya nyingine, kijana mpya akaziua mbili kwa kuzikorogakoroga, na City ikarudi kuitwa Man Blue. Chumba cha Ujiji nilikifunga mwaka huo. Miaka mitatu iliyofuata haina la kusimulia.

Hapa lazima nikuonye kuhusu kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza, nalo ni kujifariji kwa mfano usiokuhusu. Nilijiambia kwamba Konami ilimpoteza Kojima na haikufa, na hilo ni kweli kabisa. Ina kadi za mchezo wa Yu-Gi-Oh! tangu mwaka 1999, ina vituo vya mazoezi ya viungo tangu mwaka 2001, na ina mamilioni ya watu wanaocheza kwenye simu. Hata hivyo, alama ya aliyeondoka ilibaki ndani ya gemu ya mpira. FOX Engine, mtambo wa programu uliobuniwa na kikosi cha Kojima, ndio ulioiendesha PES kuanzia toleo la 2014 hadi la 2021. Konami ilipohamia mtambo mwingine na kutoa eFootball tarehe 30 Septemba 2021, nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda kiasi kwamba dunia nzima ilicheka, na kampuni ikaomba radhi siku iliyofuata. Sisemi yote hayo yalitokea kwa sababu ya mtu mmoja. Ninasema kwamba wao waliomba radhi, wakarekebisha, na gemu hiyo ikapakuliwa zaidi ya mara milioni 500. Wewe na milioni mbili zako za maharage hutakuwa na nafasi ya kuaibika namna hiyo ukasimama tena. Vijana wengi mnaiga Konami ya mwaka 2015, yenye studio nyingi na wanasheria, ilhali mtaji wenu ni wa Konami ya mwaka 1969, yenye mashine ya kukodisha na mtu anayejua kuifungua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: fungua kimoja. Jifunze kuzitengeneza mashine zake wewe mwenyewe, hata kama vidole vyako vitaungua kwa risasi ya kulehemu kama vyangu. Ukishindwa kujifunza, mpe anayejua sehemu ya biashara kwa maandishi, wala si kwa mdomo, na jina lake liandike kwenye bango kwa herufi zinazolingana na zako. Chumba cha pili kifungue siku utakapokuwa na fundi wa pili. Kama huna fundi wa pili, usikifungue, hata Kigoma mjini pawe na wateja wanaolala mlangoni.

Mimi siku hizi nina PS4 tatu pale Mwanga, na kazi nyingi ninazifanya kwa mkono wangu. Mwezi uliopita, hata hivyo, tundu la waya wa picha la mashine moja lilivunjika ndani, kazi inayohitaji kifaa cha hewa ya moto ambacho sina. Nilizunguka nusu saa kabla ya kuvuka barabara. Fundi alinipa kiti, akaiuliza mashine ilianza lini kana kwamba anamuuliza mgonjwa, akaifungua bila kuharibu hata skrubu moja. Nilipouliza bei nilitarajia aseme acha tu, kwa ajili ya zamani. Alinitajia bei anayomtajia kila mtu, nikalipa, akachukua kitabu cha risiti na kuniandikia. Juu ya karatasi ile, kwa wino wa bluu, kulikuwa na jina la duka lake, na chini ya jina hilo, kwa herufi zilezile, jina la kijana anayemsaidia.