Maswali ya Wasomaji: Winga wa Mosul

Swali: Ndugu Mhariri, mwenzangu kazini anashikilia kwamba Muiraki wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa Ulaya ni winga, tena aliyekuwa akichezea timu ya Kupro. Mimi nimebisha, kwa sababu sijapata kulisikia jina lake. Tunaomba utuamulie. (Msomaji wa siku nyingi)

Jibu: Ndugu msomaji, mwenzako ameshinda. Mchezaji huyo ni Hawar Mulla Mohammed, Mkurdi aliyezaliwa Mosul mwaka 1981, winga wa kushoto, yaani yule ambaye wazee wa soka wangemwita namba kumi na moja. Tarehe 1 Oktoba 2008 alifunga bao la tatu la Anorthosis Famagusta katika ushindi wa 3–1 dhidi ya Panathinaikos ya Ugiriki, zikiwa zimebaki dakika zipatazo kumi na mbili mpira kumalizika. Hakuna Muiraki aliyepata kufunga katika mashindano hayo kabla yake.

Msimu ule ndio ambao klabu ya Kupro iliingia hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, baada ya Anorthosis kuitoa Olympiacos katika mchujo. Katika kundi waliwekwa pamoja na Inter Milan na Werder Bremen, na wengi tuliwahesabu kuwa wasindikizaji tu. Walitoka sare ya bila kufungana ugenini Bremen, wakaenda sare ya 3–3 na Inter nyumbani, na ijapokuwa walimaliza wakiburuza mkia, walikuwa na pointi 6, pungufu ya Werder kwa pointi moja tu. Jambo moja ambalo halisemwi sana ni kwamba Anorthosis yenyewe ni klabu iliyohama kwao: ni ya mji wa Famagusta, lakini tangu vita vya mwaka 1974 vilivyoigawa Kupro makao yake yako Larnaca. Winga ambaye timu yake ya taifa ilikuwa haichezi mechi za nyumbani katika ardhi yake kwa sababu ya vita alikuwa ameangukia mahali ambapo hali hiyo haikuhitaji maelezo.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, ikiwa Hawar alikuwa bingwa wa Asia na Iraq mwaka 2007, kwa nini alizunguka Lebanon, Kupro na nchi za Ghuba badala ya kwenda Uingereza au Hispania? Je, uwezo wake ulikuwa na kikomo? (Kocha wa vijana)

Jibu: Uwezo ni sehemu ya jibu, lakini kwa maoni yangu ni sehemu ndogo. Wachezaji wa Iraq wa kizazi chake walitazamwa kwanza kwa hati ya kusafiria, kisha kwa miguu. Uingereza ya wakati ule ilitoa kibali cha kazi kwa mchezaji wa nje ya Ulaya iwapo nchi yake ilikuwa, kwa wastani wa miaka miwili, ndani ya nafasi 70 za kwanza katika orodha ya viwango vya FIFA, na iwapo yeye mwenyewe alikuwa amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa lake. Nashat Akram, kiungo aliyecheza bega kwa bega na Hawar katika timu ya taifa, alikubaliana na Manchester City mwanzoni mwa mwaka 2008 na akanyimwa kibali kwa sababu ya nafasi ya Iraq katika orodha hiyo, miezi michache tu baada ya kutwaa ubingwa wa bara zima. Tafakari uzito wa kanuni hiyo: timu iliyolazimika kuchezea mechi zake za nyumbani Amman na baadaye Dubai ilitakiwa ikusanye pointi sawasawa na timu zinazocheza mbele ya mashabiki wao.

Kwa hiyo njia zilizobaki wazi zilikuwa chache, na Hawar alizipita karibu zote. Kutoka Mosul alikwenda Al-Quwa Al-Jawiya, klabu ya jeshi la anga mjini Baghdad. Nje ya nchi alichezea Al-Ansar ya Lebanon, Apollon Limassol ya Kupro, Al-Ain ya Falme za Kiarabu na Al-Khor ya Qatar. Baada ya Anorthosis alijiunga na Persepolis ya Iran. Anayeisoma orodha hiyo harakaharaka atamwona mchezaji asiyetulia, ilhali mimi namwona mtu aliyekuwa akiingia mlango uliokuwa wazi wakati huo.

Swali: Mhariri, kila mwaka tunaoneshwa bao la kichwa la Younis Mahmoud katika fainali ya mwaka 2007. Mpira ule ulitoka kwa nani? (Shabiki wa mawinga)

Jibu: Ulitoka kwake huyuhuyu Hawar, na ninashukuru kwamba umeuliza. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Asia ilichezwa Jakarta tarehe 29 Julai 2007, Iraq na Saudi Arabia zikiwa bado hazijafungana, zikiwa zimebaki takribani dakika 20. Hawar alipiga kona ndefu. Kipa Yasser Al-Mosailem aliacha lango lake akaruka kuufuata mpira, lakini ulimpita juu ya mikono, na nyuma yake alikuwa amesimama nahodha Younis, ambaye hakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuuelekeza wavuni. Ukiitazama picha tena, mwangalie kipa wala si mfungaji: ubora wa kona ile ni kwamba ilimshawishi kutoka, kisha ikamnyima mpira kwa kimo kidogo tu. Hiyo ndiyo kazi ya winga, na ndiyo sababu jina lake halimo katika kumbukumbu za wengi.

Siku nne kabla, Iraq ilipoitoa Korea Kusini kwa penalti mjini Kuala Lumpur, watu waliojitokeza barabarani Baghdad kushangilia walilipuliwa kwa mabomu na takribani 50 wakafa. Wachezaji waliingia uwanjani Jakarta wakiwa na habari hizo. Katika hatua ya makundi Hawar alikuwa amefunga pia, bao lililoirudisha Iraq mbele dhidi ya Australia katika ushindi wa 3–1 mjini Bangkok, kwa hiyo si haki kumhesabu kuwa mpiga kona tu.

Swali: Je, ni kweli aliwahi kuifunga timu ya Cristiano Ronaldo? (Mwanafunzi)

Jibu: Ni kweli. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2004 Iraq iliifunga Ureno 4–2 mjini Patras, na bao la pili lilikuwa la Hawar. Iraq ilifika nusu fainali, ikafungwa na Paraguay 3–1, kisha ikaikosa medali ya shaba kwa bao moja la Italia.