Kabla hujaandika "nb" kwenye grupu la darasa

Wadogo zangu mnaokwenda kusoma China, hili la matusi ya mtandaoni hamtalikuta kwenye vitabu vya HSK, ule mtihani wa Kichina.

Theluji yangu ya kwanza niliipiga picha nikairusha kwenye grupu la WeChat la darasa. Kijana mmoja akajibu: wo cao. Nikakimbilia kamusi. Herufi ya kwanza, kulala. Ya pili, hori la kulishia mifugo. Hori na theluji wapi na wapi? Kumbe zile herufi ni nguo tu za kufunikia. Wewe soma sauti, maana achana nayo. Sauti yake inatoka kwenye tusi la nguoni, ila yeye alikuwa amesema "duh!" tu.

Ufundi wao uko hapo. Mitandao ya kule huchuja maneno, basi vijana huyavisha. Tusi zito la mama likaandikwa kwa herufi za "farasi wa majani na matope", cao ni ma, toni zikigeuzwa kidogo, na mwaka 2009 likawa mnyama kabisa mwenye sura ya alpaka. Ta ma de, ambalo mwandishi wao Lu Xun aliliandikia insha mwaka 1925 akaliita tusi la taifa, siku hizi ni tmd. Niu bi linataja uchi wa ng'ombe, lakini linasifia: "we noma!" Wanaandika nb, basi.

Hiyo nb ndiyo iliyoniponza. Mwalimu wetu alituma makala yake iliyotoka kuchapishwa. Kwa kuwa wenzangu walikuwa wakiambiana nb kutwa nzima, nami nikamwandikia: nb, laoshi (mwalimu)! Grupu likawa kimya. Baadaye dada mmoja wa darasani akaniandikia pembeni: hiyo ni yetu sisi kwa sisi, mwalimu mwambie lihai, yaani hodari. Nilijilaumu, maana hata kwetu "mshenzi wewe" unamwambia rika lako, humwambii mjomba.

Nmsl usiijaribu kwa yeyote. Inamtamkia mwenzio kwamba mama yake amekufa. Ukiikuta kwenye majibizano ya Weibo, mtandao wao wa kijamii, pita.

Halafu kuna kale kauso ka njano kanakotabasamu. Vijana wanakasoma kama dharau, sawa na kuandika he he. Nilikatuma kwa kila mtu miezi mitatu, nikidhani naonyesha adabu.