Gemu iliyoachwa na kampuni haiwi ya bure
Wengi hudhani gemu ikiachwa na kampuni inakuwa ya bure. Hapana, gemu kuacha kuuzwa au kuzimiwa seva hakufuti hakimiliki yake. Marekani, kazi ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu itolewe, kwa hiyo gemu ya Doom ya 1993 ina mwenyewe hadi mwisho wa 2088. Kinachowachanganya wengi ni kwamba id Software, kampuni iliyoitengeneza, waliachia msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) 1997, kisha 1999 wakauweka chini ya leseni ya GPL, inayoruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Ni kweli, lakini ule ni msimbo tu. Ramani, picha na muziki bado ni mali ya watu na vinauzwa. Ukitaka vya bure kihalali, chukua Freedoom, seti ya ramani, picha na muziki wa bure unaoweza kutumia na msimbo huo. Tovuti nyingi zinazogawa gemu za zamani hazina ruhusa, ni vile tu hakuna aliyejisumbua kuzishtaki. Ila mwenye gemu akiamua kuigawa mwenyewe, hapo sawa.