Njoo na swali lako: kwa mnaoanza kazi ya picha za setilaiti Nyanda za Juu Kusini

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo Mbeya na Iringa, na ninyi mlioajiriwa juzi kwenye halmashauri, bodi za mabonde ya maji na misitu: siku si nyingi mtaitwa kwenye mradi wa ushirikiano wa kimataifa. Atakuja mgeni kutoka Nairobi, Roma au Vienna, na huenda atakuwa tayari na ramani ya wilaya yenu. Nimeifanya kazi hii kwa miaka, na nimeona nani hutoka na ujuzi kwenye miradi hiyo na nani hutoka na cheti cha kuhudhuria tu. Anayetoka na ujuzi ni yule aliyeingia na swali lake mwenyewe, akiwa amelitembelea shambani kwa miguu.

Kabla ya hapo, jueni haki yenu. Wengi huingia ukumbini wamenyenyekea kana kwamba wanaombwa wapokee msaada. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema matumizi ya anga hizo yawe kwa manufaa ya nchi zote, bila kujali uchumi wake wala maendeleo yake ya kisayansi. Mwaka 1986 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha kanuni za kuipiga dunia picha kutoka angani. Mojawapo inasema nchi iliyopigwa picha ipate data za ardhi yake bila ubaguzi na kwa gharama ya haki. Kanuni hizo hazimfungi mtu kisheria kama mkataba unavyofunga, lakini ndizo zilizoweka msingi wa mazungumzo. Kwa muda mrefu gharama yenyewe ilitushinda: picha moja ya Landsat 7, setilaiti ya Marekani, ilikuwa dola 600 hivi. Mwaka 2008 Marekani ikafungua hazina yote ya Landsat bure, na Ulaya ikaja na setilaiti za Sentinel chini ya mpango wa Copernicus, nazo bure kwa yeyote mwenye bando. Kwa hiyo leo kijana aliyeko Makambako anaweza kufungua picha ileile anayofungua mtaalamu wa Roma. Tofauti inabaki kwenye anayejua kilichoko chini ya picha, na hapo ninyi mko mbele.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo kazi nyingi huharibika.

Chukueni vinyungu, yale mashamba madogo ya mabondeni yanayolimwa kiangazi. Mhehe au Mbena yeyote anajua kwamba mwezi wa nane, mlima wote ukiwa umekauka, mabonde yanabaki na ukanda wa kijani wa mahindi, maharage na mboga. Mtu asiyejua mambo ya kwetu anaona kwenye kipimo cha ukijani, NDVI, mstari mwembamba unaong'aa wakati wa kiangazi, anauandika "msitu wa kando ya mto" au "skimu ya umwagiliaji". Yote mawili si kweli, na kila moja linamtuma mtunga sera njia tofauti. Tena kinyungu ni kidogo. Pikseli, yaani kimraba kidogo kabisa cha picha, kwa Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, hivyo eka moja ina pikseli kama 40. Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30, na eka hiyohiyo inabaki na nne na nusu. Kinyungu cha robo eka kwenye Landsat ni pikseli moja, nayo imechanganyika na nyasi za jirani. Mkipewa ramani ya matumizi ya ardhi iliyotokana na Landsat, swali la kwanza liwe: vinyungu mmeviweka wapi?

Miombo nayo inadanganya. Inapukutisha majani kiangazi kikikolea, halafu inachipua hata kabla mvua hazijaanza, na majani mapya huwa mekundu mekundu. Ukilinganisha picha ya mwezi wa tano na ya mwezi wa tisa, utatangaza ukataji mkubwa wa misitu mahali ambapo hakuna aliyeinua shoka. Linganisha mwezi wa tano na mwezi wa tano wa mwaka mwingine. Moto wa porini nao unaacha doa jeusi ambalo mashine inaweza kuliita maji. Chai ya Mufindi na Rungwe ni kijani mwaka mzima, na kwenye mashine inakaa karibu sana na msitu wa asili, isipokuwa ikipogolewa, ambapo ghafla inaonekana kama shamba tupu. Parachichi za Njombe, miaka ya mwanzo zikiwa zimepandwa katikati ya mahindi, kutoka juu yanaonekana mahindi tu.

Hakuna kitabu cha programu kitakachowafundisha haya. Wanayajua mama zenu, maafisa ugani na wenyeviti wa vitongoji. Kila ramani ya kimataifa inahitaji nukta za ukweli wa ardhini: mahali fulani, tarehe fulani, palikuwa na zao fulani. Anayezikusanya nukta hizo kwa uangalifu ndiye anayeipa ramani thamani, na nawaomba msiifanye kazi hiyo kwa kukimbia. Msipige nukta zote kando ya barabara ya lami ya Iringa kwenda Mbeya kwa sababu ndipo gari linapopita. Ingieni ndani. Mkifika kijijini ripotini kwa mtendaji, semeni mnachopima na kwa nini, kwa sababu mtu mwenye GPS kwenye shamba la mwenzake ni mtu wa kutiliwa shaka, na mkulima ana haki ya kuuliza kama ardhi yake inapimwa ili ichukuliwe.

Hapohapo kwenye GPS: ramani nyingi za zamani za nchi yetu ziko kwenye mfumo wa zamani wa kupima mahali uitwao Arc 1960, na GPS yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukizibandika pamoja bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300, umbali wa kutosha kulipeleka banio la maji kijiji cha pili. Na mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za UTM, mfumo wa kuigawa dunia katika kanda za ramani, unapita mashariki kidogo ya mji wa Iringa, kwa hiyo Kilolo imegawanyika kati ya kanda mbili. Andikeni mfumo kwenye jina la faili lenyewe. Yaishe hayo.

Sasa mawingu. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kuanzia Novemba hadi Aprili, mazao yanapokua, Sentinel-2 inaweza kupita mara nyingi isione shamba hata moja la Rungwe. Inapita asubuhi, saa tano hivi. Hapo rada ya Sentinel-1 inasaidia, kwa sababu inatuma mawimbi yake yenyewe na yanapenya wingu. Kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali inafanya kazi vizuri: jaruba likijazwa maji linaonekana jeusi, mpunga ukipanda juu linaanza kung'aa, na ukifuatilia msimu mzima unaweza kusema nani alijaza maji mapema na nani alichelewa. Lakini msiipeleke kichwa kichwa kwenye miteremko ya Uporoto au Livingstone. Rada inatazama kwa ubavu, hivyo upande wa mlima unaoitazama unajikunja juu ya bonde na upande wa pili unabaki kivulini.

Mbarali inanirudisha kwenye swali, maana Usangu, bonde ambamo Mbarali imo, ndiyo shule kubwa tuliyo nayo. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere, unapita kwenye skimu za mpunga, unaingia kinamasi cha Ihefu, unatoka Ng'iriama, unakwenda Hifadhi ya Ruaha, halafu Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Kila aliyekuja alikuja na swali lake: wa wanyama aliuliza kuhusu tembo na viboko, wa umeme kuhusu mabwawa, wa chakula kuhusu tani za mpunga. Picha zilezile zikatoa majibu tofauti, na lawama ikahamahama kutoka kwa mfugaji hadi kwa mkulima. Swali la mtu wa Mbarali ni jingine: ni mfereji upi unaochukua maji mwezi wa tisa wakati shambani hakuna mpunga, na tukifunga banio lile maji yatafika wapi? Hilo linajibika, kwa rada, kwa picha na kwa kupima maji mtoni. Halijibiki kama hakuna aliyeliweka mezani siku ya kwanza ya mradi, kabla bajeti haijafungwa. Liandikeni kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mliwasilishe kabla ya warsha.

Kuhusu mvua, jueni kitu kimoja ambacho wageni wenyewe hukisema kwa sauti ndogo. Data maarufu ya CHIRPS, inayoanzia mwaka 1981, inachanganya joto la vilele vya mawingu linalosomwa na setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini. Pikseli yake ina upana wa kilomita 5 hivi, na kwa milima yetu hiyo ni bonde na kilele kwa pamoja. Vituo vikipungua, makadirio yanadhoofika. Yaani mfumo unaotumika kuonya kuhusu njaa katika Afrika unamtegemea pia yule anayeamka kusoma kipimamvua saa tatu asubuhi bila kukosa, Jumapili na sikukuu. Ukipangiwa kituo, kisome. Huo ni mchango wako halisi kwenye ushirikiano wa kimataifa, na ni mkubwa kuliko hotuba yoyote.

Miradi inakufa pia, na hili lazima mlipange mapema. Kituo cha RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kilichopo Nairobi, kilianzishwa mwaka 1975, Tanzania ni mwanachama, na kimewafundisha wataalamu wengi wa ukanda huu. Tumieni mafunzo yake. Tangu 2008 kilikuwa mwenyeji wa SERVIR, mpango wa data za setilaiti wa NASA na USAID, shirika la misaada la Marekani. Mwaka 2025 USAID ikafungwa, na Januari mwaka huohuo tovuti ya FEWS NET ya tahadhari ya njaa ilizimwa. Ofisi zilizokuwa zikifungua ukurasa mmoja tu kila Jumatatu zilibaki mikono mitupu. Ofisi zilizokuwa zimejifunza kupakua data ghafi na kuichakata zenyewe kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, ziliendelea. Kwa hiyo mkifundishwa kubofya, ulizeni kilichoko nyuma ya kitufe. Hakikisheni wanaofundishwa ni wawili au zaidi, kwa sababu mmoja akihamishiwa Rukwa maarifa yanaondoka naye. Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa Cairo Aprili 2025, na mimi naliombea kwa moyo wote lisimame, lakini uwezo wa ofisi yenu usisubiri Cairo.

Mwisho ni makaratasi, nayo someni kila mstari. Nukta za ardhini mlizokusanya ninyi zibaki na nakala kwenye ofisi yenu, si kwa mshirika peke yake. Majina na simu za wakulima yafutwe kabla faili halijavuka mpaka. Jina la aliyepima shambani liwemo kwenye chapisho. Na kiwekwe kifungu cha kurudisha matokeo kijijini kwa ramani iliyochapwa, ubao wa ofisi ya mtendaji ukipewa nakala yake. Wazee wa Usangu wakiwa na ramani mezani huanza wenyewe kuonyesha kwa kidole mfereji uliosahaulika na banio lililohamishwa, na saa ileile mnapata masahihisho ambayo yasingeonekana kwenye picha hata ingekuwa ya pikseli ya nusu mita. Nendeni na kalamu ya rangi, muwaache waandike juu yake.